Pima mkono kwanza: jinsi ya kujipima presha nyumbani na kuiandika kwenye daftari

Mkono wangu wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, una mzunguko wa sentimita 36. Kwa tepu ya fundi hiyo ni inchi 14 na kidogo. Mimi ni fundi wa nguo Kaptembwo, hapa Nakuru, na nimeshona sare za shule miaka 19. Vipimo vya watoto wa watu nimeviandika daftari baada ya daftari, lakini kipimo hicho cha mkono wangu mwenyewe sikuwahi kukichukua mpaka nilipoanguka kando ya cherehani.

Nilikuwa nimeshaambiwa nina presha. Zahanati nilikopimwa, nilifika nikihema kwa kukimbizana na matatu, nikakalishwa kwenye benchi lisilo na mahali pa kuegemea, nikafungwa mkanda juu ya sweta. Mashine ikivuma, huku naulizwa jina, umri na nambari ya simu, na mimi najibu. Ikasoma 168/104, yaani namba ya juu 168 na ya chini 104. Nikaandikiwa dawa. Mwezi uliofuata mambo yakawa yale yale, 164/100, dozi ikaongezwa. Wiki mbili baadaye niliinuka kitini kuchukua pasi, macho yakaingia giza, nikajikuta sakafuni katikati ya mabaki ya kitambaa cha kijani. Ilikuwa Januari, msimu wa sare, na wateja watatu walikuwa mlangoni.

Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu aliitwa, akaja na begi lake. Akanikalisha, akasubiri, akanipima: 98/60. Alipokuwa akinifungua, nikaona maandishi madogo kwenye ule mkanda: 22–32 cm. Nikachukua tepu shingoni, nikajipima mkono mbele yake. 36. Mkanda ulikuwa mdogo kwangu, kama ulivyokuwa ule wa zahanati, na mkanda mdogo ukiubana mkono mnene huipandisha namba. Maana yake hata ile 98 huenda ilikuwa chini zaidi. Presha ninayo kweli, na dawa ninameza mpaka leo, ila presha yangu si ile niliyosomewa siku zile.

Mama yangu, nyumbani Vihiga, alikuwa na shida ya upande wa pili. Yeye alipimwa vizuri na akapewa dawa, lakini alimeza akisikia. Kichwa kikigonga, anameza. Kikitulia, pakiti inarudi juu ya kabati, anasema anaiwekea siku mbaya. Lakini presha haipigi hodi. Mtu anaweza kukaa na 170 miaka mingi, analima, anacheka, anakwenda kanisani, na muda huo wote mishipa ya damu ya ubongo, moyo, figo na macho inachakaa. Asubuhi moja ya mwaka 2016 alikuwa akichuma mrenda, mdomo ukapinda upande, kapu likamponyoka mkono wa kulia. Tulimkanda kwa maji ya moto, tukaomba, tukaita mtu wa kumchua. Jioni ndipo tukatafuta gari. Aliishi miaka mitatu na nusu akilishwa kwa kijiko, na lile kapu silisahau.

Ndiyo maana naandika haya. Presha huwezi kuisikia, unaisoma tu kwa mashine, na ukiisoma vibaya utatibiwa vibaya. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Ukiwa hujawahi kupimwa, anza na kituo cha afya kilicho karibu au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Wahudumu hawa walizinduliwa nchi nzima Septemba 2023, wapatao 100,000, na katika vifaa walivyopewa imo mashine ya presha na ya kupima sukari. Muulize mwenyekiti wa mtaa mhudumu wenu ni nani, atakuonyesha.

Mashine, na hasa mkanda

Tafuta mashine inayofungwa mkono wa juu. Zile za kufunga kifundo cha mkono ni nyepesi kubeba, lakini hukosea kwa urahisi mkono ukikaa vibaya kidogo tu. Yangu si yangu peke yangu: chama chetu ni wanawake 11, tulichanga tukanunua moja pamoja na mikanda miwili, wa kawaida na mkubwa, inazunguka nyumba kwa nyumba. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuonyeshe namba za sentimita kwenye mkanda. Asipojua unazungumzia nini, nenda duka lingine.

Sasa upime mkono wako. Vua nguo ya mikono mirefu. Kunja kiwiko kama unayebeba kikapu. Mtu akusaidie: aweke mwanzo wa tepu kwenye ncha ya mfupa wa bega, aishushe mpaka ncha ya kiwiko, agawe kwa mbili, aweke alama hapo. Mimi hutumia chaki ya kukatia. Kisha nyoosha mkono ukining'inia, zungusha tepu kwenye ile alama, isilegee wala isiingie kwenye nyama, usome upande wa sentimita. Ikiwa 22 hadi 32, mkanda wa kawaida unakutosha. Ikiwa 32 hadi 42, tafuta mkubwa. Wenye mikono myembamba sana, chini ya 22, nao wana mkanda wao, kwa sababu mkanda mkubwa kupita kiasi huishusha namba, na mtu mgonjwa anaambiwa ni mzima. Katika chama chetu, wanawake 6 kati ya 11 tulihitaji mkubwa. Sita, na wote tulikuwa tunafungwa ule mdogo miaka yote.

Andika kipimo hicho ndani ya jalada la daftari. Ukienda kliniki, sema kwa adabu, "Sista, mkono wangu ni 36, mnao mkanda mkubwa?" Mara nyingi upo kwenye droo, ila hakuna anayeuulizia.

Kila mashine mpya, ibebe siku ya kwanza ya kliniki, ujipime mbele ya mhudumu, alinganishe na yao. Na siku hiyo wapime mikono yote miwili. Ukikuta mmoja unasoma juu kuliko mwingine kila mara, huo wa juu ndio utakaotumia siku zote.

Dakika kumi za asubuhi

Jipime kabla ya chai, kabla ya dawa, kabla ya kuwasha jiko. Kwanza nenda haja ndogo, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Chai ya majani na kahawa, sigara, na kazi ya nguvu kama kuteka maji au kupanda ngazi, viwe nusu saa nyuma.

Kaa kwenye kiti chenye mgongo, uegemee. Si kitanda, si kigoda. Nyayo zote mbili ziguse sakafu, miguu isipandane. Mkono ulale mezani, kiganja kikitazama juu, na mkanda uwe usawa wa moyo. Meza yangu ya kukatia ni ndefu mno, meza ya chai ni fupi mno, kwa hiyo naweka vitambaa vilivyokunjwa chini ya kiwiko mpaka mkono ufike usawa wa chuchu. Mkono ukining'inia chini, namba hupanda bure. Mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu, ukingo wake wa chini uwe vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko, na mpira utokee upande wa ndani ya mkono. Kidole kimoja au viwili vipite chini yake.

Kisha nyamaza dakika tano. Hapo ndipo watu hushindwa. Simu weka chumba kingine. Watoto waambie. Mimi nilimwekea kijana wangu wa darasa la pili kazi ya kuangalia saa ya ukutani, na sasa ndiye askari wangu: mtu akinisemesha anamwashiria anyamaze. Kuongea tu, hata kujibu "ndiyo", kunatosha kupandisha ile namba ya juu.

Bonyeza. Kabla haijamaliza, usisogeze mkono. Andika. Subiri dakika moja, bonyeza tena, andika. Zote mbili uziandike hata kama ya kwanza imekutisha. Kuna jirani yetu aliyekuwa akipima mara sita, saba, mpaka aione namba anayoipenda, halafu anaandika hiyo peke yake. Nilikaa naye, nikamweleza kwamba ukichukua kiuno cha mteja ukaandika kile anachotamani badala ya kile kilichopo, rinda halitafunga zipu. Akaelewa.

Jioni kabla ya kulala, rudia vile vile, mara mbili.

Daftari

Daftari la shule la kurasa 48 linatosha mwaka mzima. Chora mistari: tarehe, asubuhi ya kwanza, asubuhi ya pili, jioni ya kwanza, jioni ya pili, na sehemu pana ya maneno. Sehemu hiyo ya maneno ina faida kubwa. Ukurasa wangu mmoja unasema: Jumanne, 146/92, 141/90, "sikulala, sare za watu 30". Alhamisi, 132/84, 129/82, "nimelala kwa muda wa saa nane". Jumamosi, 149/93, "mgongo, nimemeza ya maumivu".

Pima siku saba mfululizo kabla ya kwenda kliniki, au dawa inapobadilishwa. Siku ya kwanza usiihesabu, mwili huwa bado una wasiwasi na kile kifaa. Zinazobaki, jumlisha namba zote za juu, ugawe kwa idadi yake, kisha namba za chini vile vile. Wastani wa nyumbani ukiwa 135/85 au zaidi, presha iko juu. Kliniki wao huanzia 140/90, kwa sababu watu wengi hupanda kidogo wakiona koti jeupe. Chini ya 120/80 ndiyo ya kawaida kabisa, na iliyo katikati inataka kuangaliwa mara kwa mara. Lengo lako wewe mwenyewe utapewa na daktari kulingana na umri, sukari na figo. Liandike kwa kalamu nyekundu.

Namba moja ijue bila kufungua daftari: 180/120. Ukiifikia au ukiipita, iwe kwa namba ya juu au kwa namba ya chini, kaa tulivu dakika tano, upime tena. Ikibaki hapo na una maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kinachopasuka, macho kuona ukungu, au udhaifu wa upande mmoja, ni hospitali wakati huo huo. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, nenda ukaonekane siku hiyo hiyo. Usimeze vidonge vya ziada kuishusha haraka, kuishusha ghafla nako kunadhuru.

Na kiharusi, kile tunachoita stroki, hakingoji mashine. Mwambie mtu atabasamu: mdomo umepinda? Ainue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Aseme sentensi moja: maneno yamevurugika? Moja tu ikionekana, tafuta gari, na ukumbuke saa ilipoanza, utaulizwa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na ni lazima kichwa kipigwe picha kwanza ili kujua si damu inayovuja. Usimpe maji wala chakula, anaweza kupaliwa. Usimkande. Sisi tulikanda.

Siku ya kliniki

Beba daftari, beba pakiti zote za dawa, pamoja na zile za kemisti. Nasisitiza za kemisti. Sisi tunaokaa kwenye cherehani kutwa, mgongo ni ugonjwa wa kazi, na dawa tunayokimbilia ni diklofenaki au ibuprofeni. Hizi huweza kupandisha presha, huzuia dawa za presha zisifanye kazi vizuri, na zikimezwa mara kwa mara huumiza figo. Mimi nilikuwa nikimeza diklofenaki karibu kila siku ya Januari. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema, kwa kuwa sikujua kuwa ni neno la kusema. Ni ile sehemu ya maneno kwenye daftari iliyomfanya daktari ashike kidole juu ya "ya maumivu" na kuuliza, "Hii ni ipi?" Sasa kila baada ya saa moja ninasimama, natembea mpaka kwa muuza mboga na kurudi, na maumivu yakizidi ninatumia parasetamoli.

Dawa yenyewe imezwe saa ile ile kila siku, ukiwa mgonjwa au mzima. Ikikuletea shida, ipeleke kliniki hiyo shida, usiipeleke dawa juu ya kabati. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Enalaprili huwaletea wengine kikohozi kikavu kisichoisha, na kuna mteja wangu aliyenunua dawa za kifua miezi minne kwa ajili yake. Haidroklorothiazidi hukupeleka choo mara kwa mara, kwa hiyo imezwe asubuhi. Dawa za kubadilisha zipo. Na dada zangu mnaofikiria kupata mtoto, semeni kabla ya kushika mimba, si baada: enalaprili na losartani si salama kwa mtoto aliye tumboni.

Omba pia, angalau mara moja kwa mwaka, upimwe mkojo, figo na sukari. Presha na sukari hukaa mtaa mmoja. Sukari ya kabla ya kula, ukiwa umefunga kwa muda wa saa nane, ikifika 7.0 mmol/L au zaidi ukipimwa tena siku nyingine, ni ugonjwa wa kisukari. Mwenye yote mawili apimwe na macho.

Usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ufanye kwa *147# ukiwa mzima, maana foleni ya kusajili mgonjwa ni ndefu. Na kabla ya kwenda ushago Desemba, chukua dawa za siku zote utakazokaa na wiki moja juu yake. Mama aliwahi kukaa wiki tatu bila dawa kwa sababu ya mazishi.

Chumvi, kwa kalamu

Kila mtu anasema punguza chumvi, na kila mtu anajibu kwamba anatia kidogo. Kwa hiyo usibishane, hesabu. Kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, cha kila kitu kwa jumla. Chukua kalamu, andika tarehe kwenye pakiti ya nusu kilo siku unayoifungua. Nyumba ya watu wanne, kwa gramu 5 kila mmoja, inatumia gramu 20 kwa siku, na pakiti ingekaa siku 25. Ingetakiwa ikae zaidi, kwa sababu mkate, smoki, krisps na unga wa mchuzi vina chumvi yake. Yangu iliisha siku ya 12. Nilidhani kijana amemwaga.

Kilichotusaidia si kuondoa yote kwa siku moja. Tuliondoa kwanza kikopo cha mezani. Kisha unga wa mchuzi, tukaweka kitunguu saumu, dania na nyanya zaidi. Chipsi za viazi vya Molo nikinunua, naomba zisitiwe chumvi kabla hazijafungwa. Sasa pakiti inafika siku ya 28.

Neno moja kwa watu wa kwetu Magharibi: magadi tunayolainishia mrenda na kunde yana sodiamu pia, hata kama ladha yake si ya chumvi. Sisemi muache mrenda, mimi siwezi kuuacha. Ukitia magadi, tia punje, na chumvi usitie kabisa kwenye sufuria hiyo. Kunde changa za asubuhi haziyahitaji, zichemshe tu na mafuniko ya sufuria yakiwa yamefunga vizuri.

Zamu ya mashine

Kama mtanunua kwa kuchanga kama sisi, wekeni utaratibu. Kila mmoja anakaa nayo siku saba, Jumatatu hadi Jumapili, na daftari lake analo mwenyewe, halizunguki na mashine, kwa sababu namba za mtu ni siri yake. Mkanda ufutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, usiloweshwe, mpira usikunjwe. Betri zitolewe ikikaa. Namba zikianza kuruka ovyo, badilisheni betri kabla ya kumtisha mtu. Ndani ya begi la mashine yetu nimeshona mifuko miwili, mmoja wa mkanda wa kawaida na mmoja wa mkubwa, na juu ya kila mfuko nimetarizi sentimita zake kwa uzi mwekundu: 22–32, 32–42. Tepu iko mfuko wa pembeni.